Mmeuliza majina ya mabinti, haya majibu

Barua za wiki hii karibu zote ni za majina ya watoto wa kike. Nimechukua chache, zilizobaki zinafanana.

Naomba jina zuri la kisasa, liwe na maana, lianze na A. (Mama kijacho, Mikindani)

Yako ni ya saba tangu mwezi uanze, na zote zinataka A. Asha, Amina, Aziza, Asumini. Kama ulikuwa unatafuta lile lenye x katikati, hapa umepotea njia.

Mume wangu anataka mtoto aitwe jina la mama yake. Mama yangu kashikilia jina la bibi yangu, Somoe. Mimi naliona la kizamani. (Newala)

Mumeo ana haki yake. Lakini wewe ni wa Newala, unajua kwamba kwa Wamakonde mtoto alihesabiwa ukoo wa mama na mjomba ndiye aliyekuwa na neno, zamani kabla hatujaanza kuandikiana ubini wa baba kwenye rejesta. Kwa hiyo mama yako hajaingilia ya watu, anadai chake.

Na hilo la "kizamani" umelitoa wapi? Somo ni mtu mnayechangia jina. Somoe ni somo wake, kama tunavyosema mwanawe na mkewe. Mtu akijitambulisha Somoe huko Mwanza, wa kwetu aliye karibu atageuka aulize, "Wewe wa Lindi au Mtwara?" Hayo majina mnayookota kwenye simu yatamtambulisha kwa nani? Nilipokuwa nafundisha darasa la tatu nilikuwa na Somoe wanne: Somoe mrefu, Somoe mdogo, Somoe Bakari na Somoe wa mnazini. Ukiita mmoja wanaitika wote.

Halafu fikiria jambo ambalo hukuuliza. Ukimpa jina la mkweo, siku mtoto amemwaga uji utamfokea vipi na mkweo yupo barazani? Ndiyo maana watoto wa majina ya bibi huishia kuitwa "Bibi" nyumbani, na siku ya kuandikishwa shule mtoto anaulizwa jina, anamtazama mama yake.

Nimeambiwa Asia maana yake muasi. Binti yangu ana miaka miwili. Nibadilishe? (Masasi)

Aliyekuambia kachanganya mawili. Kwa Kiarabu liko la ain na swad, hilo ndilo la uasi, na Mtume alimbadilishia mwanamke aliyekuwa nalo akamwita Jamila. Liko na la alifu na sin, jina la mke wa Firauni, mwanamke mwenye heshima kubwa katika Uislamu. Kwenye maandishi yetu yote mawili yanatoka Asia. Kama ulimkusudia mke wa Firauni, tulia. Wengine wenu mnabadilisha majina ya watoto kwa neno la mtu mliyekutana naye dukani, kisha mnakuja kuuliza gharama za wakili.

Sisi Wakatoliki, ni lazima jina la mtakatifu? (Ndanda)

Si lazima. Kanuni ya 855 inataka tu jina lisiwe geni kwa fikra za Kikristo. Neema anabatizwa bila tatizo.

Khadijah, Khadija na Hadija, lipi sahihi? (Kilwa Masoko)

Yote. Kosa ni kuandika la kwanza kliniki, la pili kwenye cheti na la tatu shuleni.

Mimi ni Zainabu. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Zainab. Nilipostaafu, ofisi moja ilinizungusha miezi minne kwa ajili ya hiyo u. Karani aliviweka vyeti viwili sambamba mezani, akagonga kwa kidole mwisho wa jina: "Mama, hawa ni watu wawili." Wakulima wa korosho mnanielewa, maana jina la kwenye orodha ya chama cha msingi lisipolingana na la benki, wenzako wanajenga wewe unafuatilia malipo.

Mtoto wa chini ya miaka 5 huku kwetu anapata cheti bure, kituo cha afya au ofisi ya kata, na kinaandikwa kwa kalamu papo hapo. Nenda na jina umeliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Usimtamkie mwandishi katikati ya vilio vya watoto. Kisome mwenyewe kabla hujatoka mlangoni, na kama husomi, nenda na anayesoma.

Mume wangu kauza korosho vizuri, anataka mtoto aitwe Dola. (Tandahimba)

Na bei ikianguka msimu ujao?

Nilisumbuka sana kujifungua, nataka nimwite Tabu. Watu wanasema jina huvuta mambo. (Nachingwea)

Akina Tabu ninaowajua ni wawili. Mmoja ana duka la vitenge, mwingine kasomesha watoto watano. Majina haya ni kumbukumbu tu: Chausiku kazaliwa usiku, Mwanaidi sikukuu, Mwavita wakati wa vita, Sikudhani mama yake alishakata tamaa. Ninalolikataa ni Siwatu, kwa sababu huo ni ugomvi wako na majirani, mtoto anautembeza mpaka uzeeni bila kujua ulianzaje.

Tabu mpe ukipenda. Ila usimpe ukiwa bado una hasira za leba. Ngoja siku ya saba, hata mbuzi wa akika anangojwa.