Usitume hela kabla hujasoma mihuri

Usitume hizo paundi 780 za kikasha cha fedha. Nimezikuza picha zako tatu mpaka zikawa kama mchanga, na bado sijavua koti la kazini. Umeuliza kama bei ni ya haki, fedha isafishwe kwa dawa gani, na kama kikasha kitafika Mombasa kwa mama yako bila kubonyea. Dada yangu, hayo yote yangoje. Muuzaji anasema ni kikasha cha kadi cha fundi Nathaniel Mills, Birmingham, 1843, chenye ngome ya Windsor ubavuni, na kwamba kuna mteja mwingine anakuja kukichukua kesho asubuhi. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, hata huyo mteja mwingine alikuwepo. Nikalipa paundi 1,150.

Kwa wanaopita hapa wasioelewa tunazungumza nini: Waingereza wa enzi ya Victoria hawakwenda kubisha hodi mikono mitupu. Mgeni alitoa kadi yenye jina lake, mtumishi akaipeleka ndani, na mwenye nyumba akaamua kama anapokea wageni siku hiyo au la. Aliyeikunja kadi pembe alikuwa akisema amefika mwenyewe, hakumtuma mtu. Kadi hizo zilikaa kwenye kikasha cha fedha chembamba, cha wanawake kwa kawaida kikubwa kidogo kuliko cha wanaume kwa sababu kadi zao zilikuwa kubwa zaidi. Birmingham ndiyo iliyovitoa kwa wingi. Nathaniel Mills, Taylor & Perry, Joseph Willmore na wenzao walikuwa na mashine za kugonga bamba la fedha juu ya kalibu, picha ikatoka imeinuka: Windsor, Warwick, Kenilworth, Abbotsford alikoishi Walter Scott. Reli zilipoanza kuwapeleka watu matembezini, walirudi na picha ya walikokwenda, imefuliwa kwenye fedha. Wakusanyaji wanaviita vikasha vya ngome, na ndivyo vinavyopandishiwa bei mpaka wahuni wakavutwa.

Sasa yangu. Nilikuwa na vikasha vinne, vyote vya nakshi ya majani tu, nilivyovinunua polepole kwa bei ya mshahara wangu. Siku moja nikaingia kwenye gulio kubwa la vitu vya kale, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Februari, na juu ya meza moja nikakiona kikasha chenye Jumba la Kioo, lile la Maonyesho Makuu ya 1851 pale Hyde Park, London. Picha hiyo si ya kila siku. Windsor utaiona mpaka uchoke, lakini Jumba la Kioo unaweza kukaa miaka bila kulishika mkononi. Mikono ilinitetemeka. Muuzaji alikuwa mzee mwenye sauti ya upole, akanipa kioo cha kukuzia bila hata kuombwa. Akanionyesha mihuri, zile alama ndogo zinazogongwa kwenye fedha kuitambulisha: herufi N.M za Nathaniel Mills, akanionyesha nanga ambayo ni alama ya Birmingham, akanionyesha simba anayetembea, ambaye maana yake ni fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha tupu. "1851," akasema, "mwaka wenyewe wa maonyesho." Nikatazama alichonielekeza kidole, nikaacha asichonielekeza.

Mihuri ilikuwa mitano, si mitatu. Miwili ambayo hakuitaja ni herufi ya mwaka na kichwa cha mtawala. Kile kichwa ni alama ya ushuru. Kilipigwa kwenye fedha ya Uingereza tangu 1784 mpaka ushuru huo ulipofutwa 1890. Victoria katika mhuri huo anatazama kushoto. William IV, aliyemtangulia, anatazama kulia. Kichwa kwenye kikasha changu kilitazama kulia. William alifariki 1837. Jumba la Kioo lilijengwa miaka zaidi ya kumi baadaye! Mhuri ulikuwa unaniambia kwamba fundi alichora jengo ambalo hata mchoraji wake, Joseph Paxton, alikuwa hajaliwaza. Na herufi ya mwaka, nilipoilinganisha nyumbani na jedwali la herufi za miaka la Birmingham ambalo lipo bure kwenye simu yangu tangu zamani, ilikuwa ya 1835.

Jedwali lilikuwa mfukoni mwangu pale pale mezani. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kuliko hata pesa. Ningetoa simu, dakika mbili, ningeondoka na paundi zangu 1,150.

Nilikipeleka kwa sonara mmoja mzee katika mtaa wa masonara hapa Birmingham. Hata salamu hazijaisha, akakipumulia kwenye ukingo wenye mihuri, kama mtu anavyopumulia miwani. Ukungu ulitanda, na ulipoanza kuondoka ukaacha mstari mwembamba wa mstatili, umeizunguka mihuri yote mitano. Kiraka. Mtu alikata kipande chenye mihuri kutoka kwenye kitu kingine cha Mills kilichoharibika, pengine kikopo cha tumbaku kilichochakaa kisicho na bei, akakipandikiza kwenye kikasha kisicho na mhuri hata mmoja, akalehemu, akasugua mpaka jicho lisione. Lehemu na fedha hazipati ukungu kwa namna moja, ndiyo maana pumzi huona kisichoonwa na macho. Mzee akanirudishia bila neno, akaenda kuchemsha chai. Chai ile niliinywa bila kuionja.

Nilirudi kwenye gulio mwezi uliofuata. Muuzaji yule alikuwepo, na sauti yake ile ile ya upole. Aliniambia vitu vya kale huuzwa kama vilivyo. Nikatoa risiti: ilikuwa imeandikwa "kikasha, fedha" basi. Hakuna Birmingham, hakuna Mills, hakuna 1851. Yote aliyoyasema kwa mdomo hakuyaandika hata moja, nami nililipa taslimu kwa sababu alinipunguzia paundi hamsini nikaona nimepata. Alijua. Mtu anayempa mnunuzi kioo kisha akamwongoza kidole kwenye mihuri mitatu kati ya mitano, anajua. Nimesamehe mengi maishani, hilo sijalisamehe.

Na kuna wengine ambao hasira yangu inawafikia pia, ingawa hawakuchukua senti yangu. Ni hawa wanaojibu kila mgeni wa mambo haya kwa maneno matamu, "nunua unachokipenda, moyo haudanganyi." Nilisoma ushauri huo mara mia kabla ya asubuhi ile. Moyo wangu ulikipenda kikasha kile kuliko vyote nilivyowahi kuvishika. Aliyepandikiza kile kiraka alikuwa anautegemea moyo huohuo. Na wanaotaka kucheka wacheke, ila wakimaliza waende wakaligeuze lile birika la bibi wanalosema ni fedha tupu, wasome chini yake, kisha warudi hapa tuhesabu ni wangapi wamekuta herufi EPNS, yaani madini mengine yaliyopakwa fedha juu tu.

Msidhani ningeweza kuwauzia wengine hasara yangu. Sheria ya mihuri ya Uingereza ya 1973 inakataza kughushi na kuhamisha mihuri, na anayeuza kitu cha namna hiyo huku akijua anatenda kosa. Isingekuwepo pia nisingefanya, maana ningekuwa yule mzee wa sauti ya upole. Nilikubali ile mihuri ifutwe. Kikasha ninacho, gramu 62 za fedha isiyo na jina wala mwaka, kwenye droo ya chini.

Kwa hiyo picha zako. Ya kwanza ni ngome, nzuri sana, imepigwa kwa mwanga wa dirishani. Ya pili ni ngome. Ya tatu ndiyo ya mihuri, na hiyo ndiyo imetoka na ukungu! Muuzaji mwenye kamera inayoonyesha matofali ya Windsor moja moja anashindwaje kuonyesha simba? Anasema 1843. Basi kichwa lazima kitazame kushoto, kwa Victoria. Nimekikuza nikaona doa tu, siwezi kukuapia kinatazama wapi. Halafu mihuri inaonekana kwenye mfuniko peke yake. Mwili wa kikasha haupo pichani kabisa. Mfuniko na mwili ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, na kwenye kazi nzuri ya Birmingham mara nyingi utakuta seti kamili upande mmoja na walau simba upande wa pili. Upande mmoja ukiwa bubu, uliza kwa nini. Huenda mfuniko ni wa kikasha kingine.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia kwa kila atakayeuliza: mihuri kwanza, picha baadaye. Kigeuze kikasha kabla hujakipenda. Funika ngome kwa kidole gumba ukilazimika. Soma yote mitano: nani, wapi, fedha gani, mwaka gani, mtawala gani. Kisha uulize kama hiyo mitano inakubaliana yenyewe kwa yenyewe. Kisha uulize kama jengo lililochorwa lilikuwepo mwaka huo. Mnara wa Scott kule Edinburgh, kwa mfano, haukukamilika mpaka 1844. Kisha ipumulie mihuri, kama alivyofanya yule sonara. Ndipo ufungue macho uitazame picha, na kama moyo bado unadunda, uache udunde.

Vikasha vya Kichina kutoka Canton na vya Kihindi vya Kachi vina mambo yake, hivyo usivitafutie nanga wala simba, nitaviandikia siku nyingine.

Jambo dogo, kwa kuwa nimeliona kwenye picha ya pili. Kile kidirisha katikati ya maua, mahali pa jina la mwenyewe, ni kitupu na kinang'aa kuliko sehemu nyingine. Kinaweza kuwa hakijawahi kuandikwa. Kinaweza pia kuwa kimesuguliwa jina likatoka, na fedha ya hapo ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu; ukibonyeza kwa kidole taratibu utaisikia inacheza. Mimi kikasha chenye jina la bibi fulani wa 1840 na kitu nakilipia zaidi, si pungufu. Jina ni ushahidi kwamba kilitoka nyumbani na kwenda kubisha hodi mahali. Wanaofuta majina ya marehemu ili wauze haraka siwaelewi.

Mwandikie sasa hivi, usingoje asubuhi. Omba picha ya ndani ya mfuniko, picha ya ukingo wa mwili pande zote, na ya kila mhuri kwa karibu, taa ikiwa ubavuni ili vivuli vionekane. Mwombe pia aandike kwenye ankara: fedha, Birmingham, jina la fundi, mwaka. Angalia atajibu lipi na atalikwepa lipi. Akisema mteja mwingine hawezi kungoja, mpe huyo mteja mkono wa kheri akichukue.

Zikifika ziweke hapa, hata kama ni saa sita usiku. Nitakuwa macho, na jedwali ninalo mezani.