Bati linafunguka baada ya kukunjwa

Waalaikum salaam, ndugu yangu wa Malindi. Umesema programu ya kompyuta inayoigiza ukunjaji inakuonyesha digrii 90, lakini bati la alumini la tangi la boti likitoka kwenye mashine linafunguka hadi 94. Programu haijakudanganya, nadhani umeisimamisha mapema. Ulipiga hesabu ya kukandamiza tu. Ongeza kwenye programu hatua ya kuinua kisu cha mashine (kile kinachokandamiza bati), bati liachiwe lijirudie lenyewe.

Halafu kagua namba za madini. Wengi huacha zile za chuma zilizokuja na programu. Moduli, yaani kipimo cha jinsi madini yanavyokataa kupinda, kwa chuma ni gigapaskali 200 hivi, kwa alumini ni 70 tu, kwa hiyo mabati mawili yenye unene na nguvu sawa, la alumini hujirudi karibu mara tatu zaidi. Unene nao upime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Mimi niliwahi kuuziwa "milimita 2", kumbe 1.7!

Kunja kwanza vipande viwili vya upana wa kiganja, kimoja kwa kufuata mistari ya bati, kingine kwa kuikatiza mistari hiyo. Vyote vikitoka 94, jaribu kukunja hadi 86, upime tena.