Jibu: Tarehe za Askofu Edward Steere wa Zanzibar

Habari ndugu. Umekwama kwa sababu maandishi mengine yanasema Steere alifika Zanzibar mwaka 1864, mengine yanaanza habari zake mwaka 1874, na huelewi ipi ni sahihi. Zote ni sahihi, kwani zinataja mambo mawili tofauti. Nilipokuwa nikiandaa historia fupi ya parokia yetu nilitatizwa na jambo hilo hilo, na kilichonisaidia ni kutenganisha kufika kwake na kuwekwa wakfu kwake.

Anza kuangalia cheo. Mwaka 1864 alifika akiwa kasisi, akimsaidia Askofu Tozer, aliyemtangulia katika uaskofu, na miaka hiyo ndiyo aliyojifunza Kiswahili kwa bidii hata akatoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Tozer alijiuzulu mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na Steere akawekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874. Kwa hiyo jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, mjini Zanzibar, lililowekwa siku ya Krismasi 1873 mahali palipokuwa soko hilo, liliwekwa kabla yeye hajawa askofu, ingawa ujenzi wenyewe ni kazi yake hasa.

Ukipata nafasi, nenda ukasimame nyuma ya altare ya kanisa hilo. Amezikwa pale, baada ya kufariki Agosti 1882, na mimi nilipoliona kaburi lile ndipo nilipoielewa miaka yake vizuri zaidi.