Maswali na Majibu: Nimehitimu kwa GPA ya 2.7, je, bado naweza kusomea udaktari wa meno Marekani?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Minneapolis na wazazi wangu, ambao walihamia hapa kutoka Arusha nikiwa mtoto. Sote ni wakaazi wa kudumu. Mwaka jana nilihitimu shahada ya kwanza ya biolojia kwa GPA (wastani wa alama) ya 2.7 kati ya 4.0. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nikifanya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, nikapata F ya kemia ogania, nikairudia na kupata B. Mwaka wa mwisho niliacha zamu hizo na matokeo yakapanda. Rafiki zangu wananishauri nichukue shahada ya uzamili ya mwaka mmoja ili ifute alama za zamani. Mjomba anasema nirudi nyumbani nikasome Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, kisha nije kufanya kazi huku. Nishike lipi, na nianze wapi?

JIBU: Marahaba. Kudahiliwa kunawezekana, ila hakuna shahada wala kozi inayofuta alama za zamani, na mipango yote inayojengwa juu ya neno hilo "kufuta" huishia kupoteza fedha na miaka. Kinachowezekana ni kuongeza ushahidi mpya ulio mzito kiasi kwamba kamati ya udahili, ikiweka ya zamani na ya sasa mezani, iamini kuwa mwanafunzi atakayeingia darasani ni yule wa sasa.

Anza kwa hesabu, kwa sababu GPA uliyonayo mkononi siyo watakayoiona. Shule nyingi za udaktari wa meno za Marekani hupokea maombi kupitia mfumo wa pamoja uitwao AADSAS (shule za Texas zina mfumo wao), na mfumo huo hukokotoa upya alama zako zote kutoka kila chuo ulichosoma. Chuo chako huenda kiliiondoa ile F mara tu uliporudia somo. AADSAS haiiondoi, bali huhesabu F na B kwa pamoja, kila moja kwa krediti zake. Tuseme chuo kilikuhesabia krediti 120 kwa wastani wa 2.7, yaani pointi 324. Ukiongeza krediti 4 za ile F ambazo hazina pointi hata moja, unapata pointi 324 kwa krediti 124, na GPA inashuka hadi 2.61. Vivyo hivyo katika masomo ya sayansi, ambayo mfumo huyatolea wastani wake wa pekee: kama ulikuwa na krediti 60 kwa wastani wa 2.5, ukiingiza F unabaki na 2.34. Fanya hesabu hii kwa namba zako halisi kabla ya kulipia chochote.

Sasa tazama upande wa pili. Ukichukua krediti 30 za sayansi za ngazi ya shahada ya kwanza na kupata A tupu, GPA ya jumla itapanda kutoka 2.61 hadi 2.88 tu, lakini ile ya sayansi itapanda kutoka 2.34 hadi 2.87, kwa kuwa fungu lake ni dogo na krediti mpya zina nguvu zaidi ndani yake. Ukifikisha krediti 45, ya sayansi inavuka 3.0. Bado utakuwa chini ya wanafunzi wengi wanaoingia mwaka wa kwanza, ambao wastani wao wa jumla uko karibu na 3.6, lakini utakuwa umevuka kiwango cha chini ambacho shule kadhaa hukitumia kuchuja maombi kabla mtu yeyote hajayasoma. Zaidi ya hapo, AADSAS hupanga alama mwaka kwa mwaka na kuyapa masomo ya baada ya kuhitimu mstari wake, hivyo msomaji wa faili ataona kwa jicho moja miaka miwili ya chini, mwaka wa mwisho uliopanda, na mstari mpya wa A. Mimi mstari huo ndio ninaoutazama kwanza.

Ndiyo maana sikubaliani na rafiki zako kuhusu kuanza na uzamili. Alama za uzamili huwekwa katika safu yake na hazichanganywi na GPA ya shahada ya kwanza, kwa hiyo ile 2.34 ya sayansi itabaki pale pale hata ukimaliza uzamili kwa 3.9. Programu hizo zina faida yake, hasa zile zinazoendeshwa na shule za udaktari wa meno zenyewe au kwa ushirikiano nazo, kama ile ya sayansi ya afya ya kinywa ya Boston University, kwa sababu zinakupa nafasi ya kuonyesha kuwa unaumudu mzigo unaofanana na wa mwaka wa kwanza wa udaktari. Lakini ni ghali, na ukipata B nyingi humo umejifungia mlango kwa mkono wako, maana hakuna tena ngazi ya juu ya kupanda ili kujitetea. Uzamili unamfaa aliyekwisha kurekebisha sayansi zake na bado anahitaji ushahidi wa mwisho, au aliyejikusanyia krediti nyingi mno kiasi kwamba GPA yake haisogei tena kwa kozi za kawaida. Wewe hujafika huko.

Suala la fedha limebadilika pia. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa serikali kuu kwa wanafunzi wa taaluma kama udaktari wa meno umewekewa kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule wa uzamili wa kawaida dola 20,500 kwa mwaka. Gharama ya miaka minne katika shule nyingi za binafsi inapita dola 400,000 ukijumlisha na maisha. Wewe kama mkaazi wa kudumu unastahili mikopo hiyo, lakini pengo litakalobaki utalijaza kwa mkopo wa benki wenye masharti magumu zaidi, na deni la uzamili litakuwa limetangulia. Kwa sababu hiyo shule ya umma ya jimbo lako, ambayo kwa Minnesota ni moja tu, nayo ni ile ya University of Minnesota pale pale Minneapolis, iwe ya kwanza kwenye orodha yako, kwa kuwa shule za umma kwa kawaida huwapa wakaazi wa jimbo nafuu ya ada na mara nyingi hata kipaumbele cha nafasi.

Kuhusu kozi zenyewe, rudia tu masomo ya lazima uliyopata D au F bila kuyasahihisha. Kemia ogania yako ina B tayari, iache. Muda uliobaki uutumie kwa masomo ya juu ambayo mwanafunzi wa meno atakutana nayo tena, yaani bayokemia, fiziolojia, mikrobayolojia, histolojia na anatomia. Yachukue katika chuo cha miaka minne ikiwa mfuko unaruhusu, na uchukue matatu au manne kwa muhula. Mwenye A ya somo moja moja kila muhula hajathibitisha kitu kwa shule itakayompa masomo kumi kwa pamoja.

Mtihani wa DAT, yaani ule wa kuombea udahili wa shule za meno, usiufanye kabla ya bayokemia. Wenye GPA ya chini huutegemea kama ngao, na ni kweli kwamba alama nzuri ya sayansi katika DAT humsaidia msomaji kuamini kuwa tatizo la zamani halikuwa akili. Lakini alama nzuri ya DAT ikikaa kando ya GPA ya 2.6 isiyo na masomo mapya huleta tafsiri nyingine, ya mtu mwenye uwezo asiyejituma. Sehemu itakayokuwa ngeni kwako ni ile ya kutambua maumbo, maswali 90 kwa dakika 60: karatasi inakunjwa mara moja au zaidi, inatobolewa tundu, nawe unaulizwa matundu yatakuwa wapi ikikunjuliwa, au unapewa pembe nne zinazokaribiana sana uzipange kutoka ndogo hadi kubwa. Hayo hayafundishwi katika biolojia, na huboreka kwa mazoezi ya kila siku. Fahamu pia kuwa tangu Machi 2025 alama hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600 badala ya 1 hadi 30, hivyo ushauri wa zamani unaosema "pata 20" uusome pamoja na jedwali la ulinganisho.

Saa za kukaa kliniki ukimwangalia daktari wa meno akifanya kazi ni za lazima kivitendo. Saa 100 zilizogawanywa kati ya kliniki mbili tatu zinatosha.

Mjomba naye ana hoja, lakini njia yake ni ndefu kuliko inavyoonekana. Muhimbili hutoa shahada ya udaktari wa meno ya miaka mitano, na ni shule ya heshima. Hata hivyo shahada hiyo haitoki katika shule iliyoidhinishwa na CODA, chombo kinachosimamia ubora wa elimu ya meno Marekani. Kwa kawaida mhitimu wake akirudi huku hufanya mtihani wa kitaifa wa INBDE na kisha kuomba nafasi katika programu maalumu za waliosomea nje, zenye ushindani mkali, za miaka miwili au mitatu, na zisizo nafuu kwa ada. Kama nia yako ni kufanya kazi Tanzania, nenda Muhimbili bila kusita. Kama nia ni kufanya kazi Minnesota, miaka saba au minane ya njia hiyo haipunguzi chochote katika ugumu unaoukimbia.

Maombi hufunguliwa mwezi Mei, na majibu ya kwanza ya kukubaliwa huanza kutolewa Desemba kwa ajili ya masomo ya mwaka unaofuata. Usiombe mpaka angalau mihula miwili ya alama mpya iwe imeandikwa kwenye hati yako ya matokeo, kwa kuwa shule huona kama uliwahi kuomba ukakataliwa, na kuomba mapema kwa kujaribu bahati ni gharama bila faida. Katika maelezo binafsi, ambayo yana herufi 4,500 tu pamoja na nafasi, zile zamu za usiku zipe sentensi mbili au tatu: ulifanya kazi gani, saa ngapi kwa wiki, uliacha lini, na alama zilifanya nini baada ya hapo. Usimlaumu mwalimu wala chuo. Na ikiwa bado una zamu za usiku hivi sasa, zipunguze kabla ya kujisajili kwa bayokemia, kwa kuwa C ya mwaka huu itakuumiza kuliko ile F ya mwanzo.