Maswali ya Wasomaji: Mpigaji Asiyegusa Mpira

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na marafiki watano tunacheza besiboli ya kuigiza kwenye kompyuta, ambapo kila mmoja huunda timu kwa kuchagua kwa zamu wachezaji wa misimu halisi ya ligi kuu ya Marekani. Huwa nawawahi wenye wastani mkubwa wa kupiga, lakini nimeshika mkia mara mbili. Nitawapataje wazuri ambao wenzangu wanawapita?
Mshika Mkia, Njiro, Arusha

JIBU: Ndugu yetu, unagombania safu ileile ya takwimu ambayo wenzako wote wanaitazama. Wastani wa kupiga, yaani sehemu ya zamu ambazo mpigaji hufika besi (kituo cha kukimbilia) kwa mpira alioupiga, hauhesabu besi ya bure anayopewa baada ya mrushaji kukosea mara nne, ilhali katika mchezo ambao kila timu ina nafasi 27 tu za kutolewa, mtu asiyetolewa ni mali hata kama hakugusa mpira. Mchukue Gene Tenace, ambaye mwaka 1977, akiwa San Diego, wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.233, kiwango cha kumfanya yeyote ampite bila kugeuka. Lakini alipewa besi za bure 125, na wastani wake wa kufika besi ukawa 0.415. Huyo ungeweza kumpata zamu za mwisho.

La pili, ambalo mtu wa Arusha atalielewa upesi kuliko wa Tanga, ni mwinuko. Denver iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mita kama 200 tu kuuzidi mji wako, na hewa yake nyepesi huufanya mpira uliopigwa ufike mbali na uliorushwa usipinde sana. Mwaka 1999 Larry Walker wa Denver alipata wastani wa 0.379, yaani 0.461 nyumbani na 0.286 ugenini. Alikuwa hodari, hilo sibishani nalo, ila usimnunue kwa bei ya nyumbani. Mtafute badala yake mrushaji wa Denver ambaye takwimu zake zinaonekana za kawaida, kwa kuwa hewa hiyohiyo humfanya aonekane dhaifu kuliko alivyo, mradi uhakikishe kwanza kwamba programu yenu haijazisahihisha kulingana na uwanja, kwa maana ikiwa imezisahihisha, faida hiyo haipo.

Idadi ya ushindi wa mrushaji usiijali, kwa kuwa hutegemea mno pointi wanazopata wenzake. Zamu mbili za mwisho zitumie kwa wapigaji wa akiba wa mkono wa kushoto, uwapange siku ambazo mrushaji wa wapinzani ni wa mkono wa kulia, kwa kuwa dhidi yake kwa kawaida hupiga vizuri zaidi.