Tsoureki: iachie mashine kukanda, usiiachie kuoka

Kila Pasaka tangu nihamie Athens nimeoka tsoureki, mkate mtamu wa kusukwa wa Wagiriki, na tangu niliponunua mashine ya mkate nimejifunza jambo ambalo kijitabu cha maelekezo hakikunieleza: mashine hukanda unga huu vizuri kuliko mikono yangu, lakini haifai kuuoka. Mkate wangu wa kwanza niliuacha humo mpaka mwisho, ukatoka na ganda lililoungua kwa ajili ya sukari, ndani ukiwa mbichi, tena bila msuko. Mama mwenye nyumba, mzaliwa wa kisiwa cha Chios, aliuonja kwa heshima, kisha akaniambia kwamba huo ulikuwa mkate mzuri wa chai, ila tsoureki haikuwa.

Ugumu unatokana na asili ya mkate wenyewe. Waorthodoksi hufunga Kwaresima bila nyama, mayai, maziwa wala siagi, kwa hiyo mkate wa kufungulia hujazwa vile vile walivyojinyima, na vitu hivyo, pamoja na sukari nyingi, huufanya unga uwe mzito na hamira ifanye kazi polepole. Mashine huhesabu dakika. Haijui kama unga umeumuka.

Mimi hutumia gramu 500 za unga wa ngano wa mkate, gramu 130 za sukari, mililita 120 za maziwa ya uvuguvugu, mayai 2, gramu 90 za siagi, gramu 9 za hamira kavu na chumvi kidogo, pamoja na ganda la chungwa lililokwaruzwa.

Viungo vya harufu ndivyo roho ya tsoureki, na hapo naomba usibane matumizi. Iliki tunaijua tangu maandazi ya nyumbani. Mahlepi ni kiini cha kokwa ya cheri mwitu, chenye harufu inayokaribia lozi chungu. Inunue ikiwa nzima na uisage siku ile ile, kijiko kimoja cha chai, kwa kuwa ikishasagwa hupoteza harufu upesi. Mastiha ni utomvu wa miti inayochanjwa kusini mwa Chios, na ujuzi wa kuilima miti hiyo uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ukiitwanga hivi hivi itanata kwenye mchi kama ulimbo. Iweke kwanza kwenye friza kwa robo saa, kisha itwange pamoja na kijiko cha sukari, nayo itakuwa unga laini. Robo kijiko cha chai inatosha, kwani ikizidi huleta uchungu.

Tia maziwa na mayai kwanza, kisha sukari, chumvi, viungo na unga, na hamira juu kabisa, halafu chagua programu ya kukanda pekee. Siagi usiitie mwanzoni. Subiri dakika kumi, unga ushikamane, ndipo uidondoshe vipande vidogo vidogo. Mashine ikisimama kabla siagi haijaingia yote, anzisha programu upya bila wasiwasi, kwa sababu kukandwa sana ndiko kunakoleta zile nyuzi zinazosifiwa na kila Mgiriki. Unga utanata, nawe usishawishike kuongeza unga mkavu.

Programu ikimalizika, zima mashine, funika, uache unga humo humo mpaka uongezeke maradufu, hata ikichukua saa mbili zaidi. Ndipo uutoe, uugawe sehemu tatu, usuke, na upachike mwishoni mwa msuko yai lililochemshwa na kutiwa rangi nyekundu, ambalo hapa huandaliwa Alhamisi Kuu. Uache uumuke tena kwa muda wa saa moja, upake kiini cha yai kilichochanganywa na maziwa, unyunyize lozi, kisha uoke kwenye oveni kwa nyuzi joto 170 kwa dakika 30 hadi 35, ukiufunika kwa karatasi ya alumini juu ikianza kuwa nyeusi.

Uache upoe kabisa, na kisu ukiweke kando. Uchane kwa mkono kufuata msuko: ukiachana kwa nyuzi ndefu laini, badala ya kumeguka kama keki, umekandwa na kuumuka ipasavyo.