Hisa za Apple zilianguka wikiendi moja? Na maswali mengine ya gawio

SWALI: Shikamoo kaka mhariri, mi niko Kibirizi huku Kigoma, nauza dagaa ila usiku napenda sana kupiga hesabu za hisa, sasa nimekuta habari ya zamani kwamba Apple Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2020 ilifunga dola 499.23 afu Jumatatu yake ikafunga dola 129.04, mbona nikifungua chati ya mtandaoni sioni anguko lolote? Na historia ya hayo mambo pamoja na magawio ya nyuma, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, naipata wapi, ya soko letu la Dar je?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hakuna aliyeibiwa hapo, Apple waligawanya hisa, kila 1 ikawa 4, kwaiyo mwenye 10 aliamka Jumatatu ana 40, na 499.23 ukigawa kwa 4 unapata kama 124.81, ndo maana ile 129 ilikuwa hata imepanda. Wenye chati wanarudi nyuma wanagawa bei zote za zamani ili mstari usikatike. Walishafanya hivyo 2014 pia, 1 kwa 7.

Sasa sikiliza hapa maana ndo watu wengi wanapoungulia. Gawio la Apple la Agosti 2020 lilikuwa dola 0.82 kwa hisa, kabla ya kugawanya. Ukiingia Yahoo Finance, sehemu ya bei za nyuma, kuna kitufe unachagua uone magawio tu au migawanyo tu, utakuta hilo hilo limeandikwa kama 0.205. Vyote ni sawa! 10 mara 0.82 ni dola 8.20, na 40 mara 0.205 ni 8.20. Ila ukichukua hisa 40 za leo ukazidisha na 0.82 uliyoiona kwenye habari ya zamani unapata 32.80, umejipa gawio mara nne, utatamba kijiweni bure. Na ile safu ya Adj Close, yaani bei ya kufunga iliyorekebishwa, imeshaondoa migawanyo NA magawio, kwaiyo ukiitumia usijumlishe tena gawio juu yake. Ukitaka uhakika kabisa, kampuni za Marekani zinaweka taarifa zao EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya msimamizi wa masoko ya hisa kule, bure, na tovuti ya kampuni yenyewe huwa na ukurasa wa wawekezaji.

Kwa DSE, yaani soko letu la hisa la Dar, kaka, usitegemee tovuti za nje, mi naona zina mapengo mengi mno. Pakua ripoti za mwaka za kampuni, tafuta gawio kwa hisa, jaza mwenyewe kwenye Excel mwaka kwa mwaka, jioni mbili tatu za kazi. Angalia tu kwamba gawio la mwaka 2023 kwa kawaida linalipwa 2024 baada ya mkutano mkuu, usilipange mwaka usio wake. Afu kuna hisa stahiki, yaani hisa mpya wanazouziwa kwanza wenye hisa wa zamani, mfano CRDB walitoa 2015, hiyo si kugawanya kabisa, watu walilipia hela, ila nayo inavuruga ulinganisho na ile bei ya shilingi 150 waliyouzia hisa mara ya kwanza 2009. Na ukifuatilia soko la Nairobi, benki ya Equity waligawanya hisa 1 kwa 10 mwaka 2009, kwaiyo ripoti zao za kabla ya hapo zisome kwa tahadhari.

SWALI: Mimi ni mama wa Isevya, Tabora. Kampuni imetangaza gawio la shilingi 100 kwa hisa, benki imeingia 95. Nani kala hiyo 5?

JIBU: TRA mama yangu, kodi ya zuio, 5% kwa kampuni iliyoorodheshwa DSE, isiyoorodheshwa ni 10%, na inakatwa kabla hela haijakufikia. Ripoti ya mwaka inaandika ile 100 kamili, kwaiyo kama unapiga hesabu ya ulichovuna kweli tumia 95, na kama unalinganisha kampuni kwa kampuni tumia 100 kote.